"Hii ukiwa nayo, bendi nzima unayo": dhana potofu kuhusu albamu za Greatest Hits

Juzi nimeisikia tena. Kijana ameshika CD ya Greatest Hits, yaani mkusanyiko wa vibao vya bendi, anaigeuza mbele na nyuma, anamwambia mwenzake kwa sauti ya mjuzi: "Hii ukiwa nayo, bendi nzima unayo. Albamu zao nyingine ni za kujazia kabati tu." Nimeuza santuri, kanda na CD miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mteja haumbuliwi mbele ya rafiki yake, kwa hiyo nikameza maneno. Ila yamenikaa kooni tangu siku hiyo, na hapa ndipo ninapoyatema.

Niseme mapema: sina ugomvi na albamu za vibao. Bendi nyingi za pop-rock nimezijulia hukohuko. Ugomvi wangu ni na mtu anayesimama kizingitini halafu anasimulia nyumba nzima ilivyo.

Dhana: Greatest Hits ni muhtasari wa bendi

Si muhtasari. Tazama inavyotengenezwa. Mtu wa kampuni ya rekodi anakaa na orodha ya singo, yaani nyimbo zilizouzwa mojamoja kwenye santuri ndogo, anaangalia zipi zilipanda chati, zipi kampuni yake ina haki nazo, na zipi zilikuwa zimeshatoka kufikia siku hiyo. Kinachobaki kwenye chekecheo ndicho unachouziwa. Swali la bendi hii ilikuwa ikitafuta nini kimuziki halimo kabisa kwenye kikao hicho.

Mfano wangu wa kila siku ni bendi ya Fleetwood Mac, kwa sababu uliwahi kuniletea kelele. Mteja alinunua santuri iliyoandikwa waziwazi Fleetwood Mac, Greatest Hits. Kesho yake karudi nayo, ndita usoni: ameuziwa feki. Ameisikiliza pande zote mbili, "Dreams" haumo, "Go Your Own Way" haumo, mwimbaji wao wa kike Stevie Nicks hasikiki hata kwa bahati mbaya. Kuna wanaume wanapiga blues tu! Nikaigeuza, nikamwonyesha maandishi madogo ya nyuma. Ilikuwa ile ya 1971, iliyotolewa na kampuni ya CBS.

Santuri haikuwa na kosa lolote. Bendi hiyo iliundwa London mwaka 1967 na mpiga gitaa Peter Green, na ilikuwa bendi ya blues hasa. "Albatross", wimbo wa ala tupu usio na mwimbaji, ulifika namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1969. Green akaondoka 1970, na mwaka uliofuata CBS ikakusanya kazi za enzi zake. Wakati huo Stevie Nicks na mpiga gitaa Lindsey Buckingham walikuwa hawana habari na Fleetwood Mac. Waliingia baada ya miaka mitatu hivi. Ile Greatest Hits nyingine, ambayo ndiyo mteja wangu aliitaka, ilitoka 1988 kwa kampuni ya Warner Bros., na nyimbo zake zinaanzia 1975.

Kwa hiyo una bendi moja, albamu mbili zenye jina lilelile, na hakuna hata wimbo mmoja uliomo kwenye zote mbili. Aliyenunua ya 1971 ataapa kwamba hawa ni Waingereza waliozama kwenye blues. Aliyenunua ya 1988 ataapa kwamba ni watu wa California wenye waimbaji watatu wanaopokezana. Na nyuma yao wote, kwenye dramu ni yuleyule Mick Fleetwood, kwenye besi ni yuleyule John McVie. Waweke wateja hao wawili meza moja uone kama watasikilizana.

Halafu kuna waliofukiwa katikati. Kati ya 1971 na 1974 mpiga gitaa na mwimbaji mmojawapo alikuwa Mmarekani Bob Welch, na bendi ikatoa albamu tano. Hutazigusa kwenye Greatest Hits ya 1971 wala ya 1988. Miaka minne ya kazi imepita kama haikuwepo, si kwa sababu ilikuwa mibaya, bali kwa sababu haikuzaa kibao kikubwa. "Bare Trees" ya 1972 ningeishika kabla ya nusu ya vitu ninavyoombwa kila wiki, lakini hakuna anayeiuliza, maana hakuna aliyeelekezwa huko.

Bado hatujafika pabaya. Chukua "The Chain", kutoka albamu ya Rumours ya 1977. Ndio wimbo pekee kwenye albamu hiyo uliobeba majina ya wanabendi wote watano kama watunzi. Kipande chake cha besi kilifungulia matangazo ya Formula 1 ya BBC kwa miaka na miaka. Leo mtu akiniuliza Fleetwood Mac ni nini kwa wimbo mmoja, ndio ninaomwekea. Kwenye Greatest Hits ya 1988 haumo. Haukutoka kama singo, basi. "Silver Springs" nao haumo: Nicks aliuandika kuhusu kuachana kwake na Buckingham, ukakosa nafasi kwenye Rumours kwa sababu upande wa santuri una dakika zake, ukaishia upande wa B, ule wa nyuma, wa "Go Your Own Way", ambao ni wimbo wa Buckingham kuhusu kuachana kwake na Nicks. Vurugu zote za bendi hiyo zimo kwenye kisahani kimoja kidogo, na albamu ya vibao ikachukua upande mmoja ikauacha wa pili.

Sasa ushauri wangu, na najua wenzangu wengine kwenye biashara hii hawaupendi. Ukimaliza albamu ya vibao, usifuate wimbo ulioupenda zaidi. Huo utaurudia wenyewe bila kuambiwa. Fuata ule uliokukera kidogo, usiofanana na majirani zake. Kwenye ile ya 1988 ni "Tusk": ngoma zinazozunguka palepale, minong'ono, kisha ghafla bendi ya matarumbeta ya University of Southern California, waliyoirekodi ndani ya uwanja wa besiboli wa Dodger Stadium. Watu wengi huuruka. Usiuruke. Nenda kwenye albamu yake ya 1979, nyimbo 20 kwenye santuri mbili, ambamo Buckingham alikataa katakata kuirudia Rumours. Isikilize kwa mpangilio, toka mwanzo, simu ikiwa chumba kingine. Hapo ndipo utakapojua kama bendi hii ni yako au ulipenda redio tu.

Dhana: wimbo usiomo haukuwa mzuri

Hii inajibiwa kwa kalenda na mikataba. Their Greatest Hits ya Eagles ilitoka Februari 1976. "Hotel California" haumo kwa sababu albamu yake ilitoka Desemba mwaka huohuo. Mkusanyiko huo mwaka 2018 ulithibitishwa kufikisha nakala milioni 38 Marekani peke yake, na bado kila mwezi kuna mtu ananiuliza kwa nini wimbo huo "umeondolewa". Haukuondolewa, ndugu yangu. Ulikuwa haujazaliwa. (Na kwa wale watakaonishika kwenye ile kanuni yangu ya singo: ndiyo, "Desperado" umo humo na haukuwahi kuwa singo. Vighairi vipo.)

Aerosmith walitoa mkusanyiko wa Big Ones mwaka 1994 bila "Dream On", wimbo wao wa kutambulishwa. Big Ones ni ya kampuni ya Geffen. "Dream On" ni wa miaka yao wakiwa kampuni nyingine, Columbia. Mwanasheria ndiye aliyepanga orodha hiyo.

Ila kiboko ni ile albamu ya Beatles iitwayo "1", ya mwaka 2000, yenye nyimbo 27 zilizofika namba moja Uingereza au Marekani. "Penny Lane" na "Strawberry Fields Forever" zilitoka kwenye singo moja, 1967, zikiwa sawa kwa hadhi. Uingereza singo hiyo iliishia namba mbili. Marekani "Penny Lane" ulifika namba moja, mwenzake haukufika. Kwa hiyo mmoja umo na mwingine hauna kiti. Kama kuna mtu anaamini hilo ni pimo la uzuri, aje tuongee taratibu.

Dhana: wimbo ni uleule, uuchukue huku au kule

Mara nyingi si uleule. Singo nyingi hukatwa ili redio izipige, na mkusanyiko huchukua toleo lililokatwa: utangulizi umefyekwa, solo ya gitaa imenyofolewa, mwisho unafifia kabla mpigaji hajamaliza alichotaka kusema. Ukija kusikia la kwenye albamu unadhani wameongeza, kumbe ulikuwa umepunjwa.

Police walikwenda mbali zaidi. Kwenye mkusanyiko wao wa 1986 hakuna "Don't Stand So Close to Me" ya 1980 iliyofika namba moja Uingereza. Kuna toleo jipya, la polepole na zito. Walikutana studio kurekodi upya, mpiga dramu Stewart Copeland akaanguka kutoka kwenye farasi akavunjika mtulinga, ikabidi mashine ishike ngoma. Bendi iliyosifika kwa dramu, dramu ikapigwa na mashine. Nina wateja waliolijua toleo hilo kwanza na wanadhani ndiyo asili. Huwa nawaonea huruma, kisha nawatafutia Zenyatta Mondatta, albamu yenye toleo la 1980.

Dhana: zile nyimbo mpya zinazoongezwa kwenye mkusanyiko ni makombo

Baadhi ndiyo, tena hazifichiki: zimewekwa ili shabiki mwenye albamu zote alipe mara ya pili. Lakini "Always" wa Bon Jovi ulitoka kama wimbo mpya kwenye mkusanyiko wao wa Cross Road, 1994, ukawa mmoja wa vibao vyao vikubwa kuliko vyote. Sikiliza kwanza.

Dhana: msikilizaji wa kweli hanunui Greatest Hits

Hawa wa upande wa pili nao wananichosha, tena wana majivuno. Bendi zilizokuwa zikitoa singo nje ya albamu, desturi iliyoshamiri Uingereza, huwezi kuzijua kwa albamu za studio peke yake. "Blue Monday" wa New Order haukuwa kwenye albamu yao ya 1983 ilipotoka Uingereza. Substance ya 1987 ndiyo ilikusanya singo hizo pamoja, na mimi huiuza kama albamu yao ya lazima bila kuona haya. ABBA walikuwa kimya kwa miaka kumi hivi ulipotoka mkusanyiko wao wa ABBA Gold, 1992, na kizazi kizima kikawajulia hapo. Greatest Hits ya Queen ya 1981 ndiyo albamu iliyouzwa zaidi Uingereza kuliko zote. Mtu akiniambia aliwajua Queen kwa hiyo, simcheki. Namuuliza tu alichukua ya Uingereza au ya Marekani, maana ya Marekani mwaka huo ilikuwa na "Under Pressure" na ya Uingereza haikuwa nayo.

Dhana: siku hizi orodha ya nyimbo maarufu kwenye programu ya kusikilizia muziki inatosha

Orodha hiyo inahesabu kinachosikilizwa sasa hivi, na kinaweza kusukumwa na tangazo, filamu au mchezo wa mtandaoni. Mwaka 2020 "Dreams" ulirudi kwenye chati kwa sababu ya video ya mtu akiserereka barabarani kwenye ubao wa magurudumu huku akigugumia juisi chupani. Wimbo haukuwa umebadilika hata noti moja tangu 1977. Kesho video nyingine itapandisha mwingine, na orodha itapangwa upya umelala. Ile Greatest Hits ya 1988 yenyewe haina habari: "Dreams" umo palepale ulipowekwa, na "The Chain" bado haumo.