Je, wajua kwa nini unakimbia kila jioni na mizani bado imegoma?

Ukipita Arboretum, ile bustani ya miti jijini Nairobi, jioni utawakuta wanafunzi wa vyuo wakikimbia ili kupunguza kilo. Wengi huacha baada ya wiki chache kwa kuwa mizani haishuki, na inasikitisha, maana huacha pale mwili unapoanza kuzoea.

Tuanze na hesabu. Kukimbia kilomita 1 hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 ametumia kama 350. Akipitia kibandani akala chapo moja kubwa, ambayo kwa mafuta yake huweza kufika 300, akateremshia na soda ya mililita 300, amezirudisha zote na kuzidisha. Kilo 1 ya mafuta mwilini ina karibu kilokalori 7,700. Kwa hivyo hata asipoongeza chakula, atahitaji mbio kama 22 za namna hiyo kuimaliza.

Kuna pia uvivu wa baada ya mazoezi. Aliyekimbia alfajiri huona kazi ya siku imekwisha: anapanda boda kutoka stejini hadi getini, anangoja lifti, kisha anajilaza na simu hadi usiku.

Tena, wiki za kwanza uzito unaweza hata kupanda. Misuli iliyoanza kufanyishwa kazi huweka akiba ya glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa mwilini, na kila gramu yake hushika takriban gramu 3 za maji. Misuli yenye maumivu nayo huvimba kidogo inapojijenga upya. Hapo futi ya fundi cherehani itakueleza ukweli kuliko mizani. Zungusha futi hiyo tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi, usibane tumbo. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, kishughulikie. Panda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai.

Mazoezi husaidia zaidi kuzuia kilo zisiongezeke, na zilizopungua zisirudi. Kwa hilo mazoea ya kila wiki yanashinda mbio za kishujaa za Jumamosi moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Kutembea kwa kasi dakika 30, siku 5, kunatosha kufikisha 150. Shuka matatu steji moja au mbili kabla ya chuo. Pushapu na kuchuchumaa unafanyia chumbani bila kulipia jimu.

Wengi huharibikiwa wakati wa mitihani. Mazoezi yanakatika, usingizi unabaki saa 4, na kukosa usingizi huongeza njaa, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta. Wiki hizo punguza mazoezi hadi dakika 15 kwa siku, ila usiyaache, na soda ya kukesha nayo iwe maji.