Kinga haijashuka, imekwepwa

Juzi hapa Mwanza kwenye daladala ya Buhongwa kapanda mama mmoja na kikapu cha chupa, tangawizi na vitunguu swaumu na majani ambayo sikuyajua, akaanza kutangaza kwamba mafua ya siku hizi yana virusi vinavyokushushia kinga yako ya asili na chupa yake inaipandisha. Sina ugomvi na tangawizi, nyumbani tunainywa. Ila ile sentensi nimeisikia mno, kijiweni, kanisani, mpaka kwa watu waliosoma, na kila mara inanikera palepale, kwenye neno kushusha.

Maana yenyewe ni fupi. Kinga ya asili ni ile unayozaliwa nayo, haijafundishwa na chanjo wala na ugonjwa uliowahi kuumwa: ngozi, makamasi, seli zinazomeza wavamizi, homa, pamoja na vitambuzi vilivyomo ndani ya seli zenyewe. Hiyo "asili" haina undugu na dawa za asili, ni asili ya kuzaliwa nayo tu. Na kirusi kuikwepa kinga hiyo ni kupenya bila kugunduliwa, au kugunduliwa af taarifa isifike. Basi.

Sasa tuje kwenye neno. Kinga imetoka kwenye kukinga, na kukinga kila mtu anakujua, mvua ikinyesha unakinga maji na ndoo, jua likikuchoma unakinga uso na mkono. Ni tendo, kitu kinakuja we unakidaka au unakizuia kisikufikie, sio maji ya kwenye tenki kwamba yapo nusu au yamejaa. Na kinyume chake kiko wazi kwenye lugha yetu wenyewe, kinachokingwa hukwepa, ngumi unaikwepa, kodi watu wanaikwepa. (Hata kirusi ni mtoto wa lugha yetu: virusi lilikuja zima, kwa Kilatini lilikuwa na maana ya sumu, sisi tukasikia vi- mbele tukadhani ni wingi kama vitabu, tukajizalia kirusi kimoja.)

Kushuka kumetoka wapi? Mimi naona kumetoka kwenye UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, hapo ng'ambo ya ziwa, na jina lenyewe likawa Upungufu wa Kinga Mwilini, na kliniki tukazoea kusikia CD4, yani seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, zimeshuka, CD4 zimepanda. Kwa VVU ni kweli kabisa, kile kirusi kinaziua seli za kinga, unazihesabu na unaona zimepungua. Na surua nayo inafuta kumbukumbu ya kinga, sibishi. Lakini tukachukua lugha ya magonjwa hayo tukaivalisha kila mafua.

Virusi vingi havipunguzi kitu mwanzoni. Fikiria kijiji chenye sungusungu. Mwizi mwenye akili hapigani na sungusungu wote, anahakikisha tu mwano, ile kelele ya kuwaita wenzao, haupigwi. Kwenye seli, mwano unaitwa interferoni, protini ambayo seli iliyovamiwa inaitoa ili majirani wafunge milango, iligunduliwa London mwaka 1957 na Isaacs na Lindenmann. Kirusi cha mafua kina protini inaitwa NS1 inayoziba mdomo wa kitambuzi kabla hakijapiga kelele. Marburg, ile iliyotokea Kagera 2023 na tena 2025, ina protini ya VP35 inayofunika vipande vya RNA yake, yale maelekezo yake ya kujizalisha, ili kitambuzi kisivione, yani mwizi kajifunika kaniki usiku. Korona yenyewe inazivalisha RNA zake kofia ileile wanayovaa RNA za mwenye nyumba, mlinzi akipita anaona ni watu wa humu humu.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya kirusi cha Zika, maana ni cha ziwa letu, jina ni la msitu ulio karibu na Entebbe ambako kilipatikana kwenye damu ya nyani wa utafiti mwaka 1947. Chenyewe kinaacha mwano upigwe, kisha kinamkamata mjumbe anayepeleka habari ndani ya seli ya jirani, protini inaitwa STAT2, kinasababisha ivunjwe. Kwa binadamu kinaweza. Kwa panya hakiwezi, STAT2 ya panya ina umbo tofauti kidogo kinashindwa kuishika, ndo maana panya wa kawaida wa maabara hawaugui Zika kirahisi. Kinga ya panya haiko juu kuliko yako, ni kwamba tu ya kwako ina kitasa ambacho kirusi kina ufunguo wake.

Af sikiliza hii. Ile siku unayolala kitandani viungo vinauma, homa, mwili mzito, unasema kinga imeshuka, kumbe hiyo ndo kinga yenyewe, interferoni na wenzake ndo wanakuumiza hivyo. Kinga ilikuwa kimya siku mbili za nyuma ulipokuwa mzima unakula sato. Na kwenye mafua makali sehemu kubwa ya madhara kwenye mapafu inaletwa na kinga iliyochelewa kuamka ikaja kwa fujo, sasa ukiniambia uipandishe hapo naogopa.

Tulipofika Mkuyuni nikamwamkia, shikamoo mama, nikanunua chupa moja, nikamwambia tangawizi inapoza koo na hilo peke yake linauza, ila usiseme vinashusha kinga, sema vinaikwepa. Akaniangalia kidogo.

"Kukwepa kama hawa wanavyokwepa nauli?"

Hivyo hivyo mama. Konda hajaishiwa nguvu, hajamuona tu aliyekaa nyuma.