Baada ya upasuaji wa pafu, msimzuie mgonjwa kukohoa

Mgonjwa wa Lamu anayehitaji upasuaji wa pafu kwa kawaida huvuka bahari hadi Mokowe, upande wa bara, akashika barabara ya Mombasa au Nairobi, kisha akarudi na mshono ubavuni. Nyumbani hupokewa kwa mapenzi. Anatandikiwa kitanda, anaambiwa: "Lala, baba, usijisumbue. Na hicho kikohozi kizuie, mshono usije ukafumuka." Sisi tunaohudumia wagonjwa wa kifua tukisikia hayo, roho hutushtuka.

Baada ya upasuaji makohozi huongezeka. Dawa ya usingizi huwa imevilegeza vile vinywele vidogo vinavyosukuma uchafu nje ya njia za hewa, na maumivu ya mbavu humfanya mgonjwa avute pumzi fupifupi. Sehemu za chini za pafu husinyaa, makohozi yakatuama humo, bakteria wakazaana. Nimonia huanza hivyo. Mshono uliofungwa vizuri huhimili kikohozi. Mgonjwa akae wima, akumbatie mto ubavuni penye kidonda, avute pumzi ndefu mara kadhaa kisha akohoe kwa nguvu, na arudie hivyo mchana kutwa. Dawa ya maumivu aimeze kwa wakati wake. Wanaume wetu hupenda kujikaza, lakini mwenye maumivu hakohoi.

Mengi kati ya yanayoleta maambukizi huwepo kabla ya kisu. Sigara ndiyo ya kwanza: iachwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, na anayetafuna miraa au muguka ajue kwamba hapo barazani ndipo sigara humrudia. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hupigana kivivu, kwa hiyo mwenye kisukari aidhibiti mapema. Wengi huenda kupasuliwa wakiwa wamekonda kwa saratani au kwa pafu lililoharibiwa na kifua kikuu, na mwili usio na akiba ya protini hauungi kidonda upesi. Samaki, mayai na kunde viliwe tangu siku ya kupangiwa tarehe. Meno nayo yapigwe mswaki asubuhi na usiku, maana bakteria wa kinywani hushuka hadi pafuni. Umri mkubwa na ugonjwa sugu wa njia za hewa haviondoki, lakini daktari avijue.

Kuna wanaojinyoa kifua kwa wembe ili waende hospitalini wakiwa safi. Msifanye hivyo. Wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo wadudu hujificha. Nywele zikilazimu kuondolewa, hospitalini zitapunguzwa kwa mashine. Huko pia hutolewa antibayotiki ya kinga, nyingi katika hizo zikidungwa ndani ya dakika 60 kabla ya ngozi kuchanwa.

Hatari huongezeka upasuaji ukichukua saa nyingi, kifua kikifunguliwa wazi badala ya kutumia matundu madogo na kamera, au hewa ikiendelea kuvuja pafuni zaidi ya siku 5. Hapo mrija wa kifuani, ule wa kutolea hewa na majimaji, hukaa muda mrefu, na usaha huweza kujikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua.

Mji wetu hauna msongamano wa magari, na ngazi za nyumba zetu za mawe ni mazoezi tosha kwa aliyeruhusiwa na daktari kuzipanda. Atembee vichochoroni kidogokidogo; punda apumzike. Baharini asiingie mpaka kidonda kifunge.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, pumzi inayozidi kubana, makohozi yenye harufu mbaya, au mshono unaotoa usaha: arudi hospitalini siku hiyohiyo. Na aliyeondolewa pafu zima akianza ghafla kukohoa majimaji mengi yenye rangi ya kutu, huenda kisiki cha njia ya hewa, pale ilipokatwa na kufungwa, kimefunguka. Mlazeni kwa ubavu uliopasuliwa, kichwa kikiwa juu, maji yasimiminikie pafu lililobaki, na boti itafutwe hata kama ni usiku wa manane.