Fedha Ukiziweka Kwenye Simu, Zinakaa Wapi?

Katika mikutano ya elimu ya fedha tunayofanya na wafanyabiashara wadogo na wakulima nchini Tanzania, swali linalorudi kila mara ni kama fedha zilizo kwenye simu ziko salama sawa na zile zilizo benki. Ili kulijibu ipasavyo, ni lazima kwanza tufahamu noti zinakwenda wapi baada ya mteja kumkabidhi wakala na kupokea ujumbe wa salio.

Wakala anapopokea shilingi 100,000 taslimu, humhamishia mteja floti, yaani fedha za kielektroniki, ya thamani hiyohiyo kutoka kwenye salio lake mwenyewe. Floti hiyo aliinunua kabla kwa fedha halisi, na fedha hizo zimewekwa benki, katika akaunti maalumu ya udhamini. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 pamoja na kanuni zake zinataka fedha za wateja zitengwe na fedha za kampuni, hivyo kampuni haiwezi kuzitumia kulipa mishahara wala kujenga minara, na kila shilingi inayoonekana kwenye simu sharti iwe na shilingi mwenzake benki. Faida inayopatikana kwenye akaunti hiyo nayo inapaswa kuwanufaisha wateja; Tigo Pesa ilianza kuigawa kwa wateja wake mwaka 2014.

Amana ya benki ina utaratibu tofauti. Unapoweka fedha benki, kwa hakika umeikopesha benki, nayo hukopesha sehemu kubwa ya fedha hizo kwa wengine. Hapo ndipo riba na mikopo hutoka, na hapo pia ndipo hatari ilipo. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki 5 ndogo zilizokuwa na upungufu wa mtaji, na wateja wake walistahili kulipwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 1,500,000 kila mmoja, huku waliokuwa na zaidi ya hapo wakisubiri ufilisi ukamilike. Kiwango hicho cha fidia kimeongezwa tangu wakati huo.

Kwa upande wa kusafirisha fedha, sifa ya simu haina mpinzani. Kabla ya mwaka 2008, huduma hizi zilipoanza nchini, mkulima wa nyanya wa Ilula aliyeuza mzigo Dar es Salaam alilazimika ama kuzifuata fedha mwenyewe, ama kuzisubiri ndani ya bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Benki zilikuwa na mfumo wa TISS wa kuhamisha fedha baina yake tangu mwaka 2004, lakini mfumo huo haukumsaidia mtu asiye na akaunti, ambaye tawi la karibu lilikuwa Iringa mjini. Baadaye mambo yalizidi kuwa mepesi: kuanzia mwaka 2014 mitandao ilianza kuruhusu wateja wake kutumiana fedha moja kwa moja, na sasa Benki Kuu inaendesha mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu.

Jambo ninaloliona likiwaumiza watu wengi bila wao kulitambua ni gharama ya kutoa fedha. Kwa kuwa ada hupangwa kwa madaraja, anayetoa shilingi 20,000 mara tano hulipa zaidi ya anayetoa shilingi 100,000 kwa mara moja. Tozo ya Serikali kwenye miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, na kupunguzwa miezi michache baadaye, iliwafanya wengi kutambua uzito wa makato haya, lakini mazoea ya kupokea fedha na kukimbilia kwa wakala saa hiyohiyo hayajaisha. Mama lishe anayepokea malipo kwa Lipa Namba, yaani namba ya simu ya kulipia biashara, kisha akamlipa muuza mchele kwa njia hiyohiyo, anaepuka ada ya kutoa na pia hatari ya kutembea na noti. Anayetoa kila kinachoingia anabaki na vyote viwili, ada na hatari.

Kwa fedha za kikundi, msimamo wangu ni kwamba zisiwekwe katika laini ya mtu mmoja. Nimekutana na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo akiba ya mwaka mzima ilikaa kwenye simu ya mweka hazina, aliyejua namba ya siri peke yake. Mweka hazina akifariki, kikundi kinakuta fedha zile ziko kwa jina la marehemu, na zinapaswa kupitia kwa msimamizi wa mirathi. Akaunti ya kikundi benki huhitaji saini za watu wawili au watatu, na taarifa yake ya miezi iliyopita ndiyo ambayo ofisa mikopo ataomba kuiona. Kampuni za simu nazo zina huduma maalumu za vikundi, na kikundi kilicho mbali na benki kitumie hizo badala ya laini binafsi.

Kuhusu makosa na utapeli, kabla ya kuthibitisha muamala soma jina linalotokea kwenye simu. Ukituma kimakosa, piga huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala, kwa kuwa fedha huweza kuzuiwa iwapo aliyezipokea hajazitoa. Ujumbe wa aina ya "ile hela itume kwenye namba hii" usijibiwe, bali upelekwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua uifungie. Simu ikipotea, funga laini kwanza ndipo uitafute, kisha iarifu na benki yako, kwa sababu namba ileile ya simu sasa ndiyo inayopokea ujumbe wa kuthibitisha miamala ya benki.