Nani ametia -ka-? Westworld na nadharia za mashabiki

Kama hujaitazama tamthilia ya Westworld na unapanga kuitazama, ishia hapa. Nitasema kila kitu, na uhondo wa msimu wa kwanza ni kama maji: ukimwagika hauzoleki.

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya tamthilia. Nasoma kurasa kabla hazijarekodiwa na kutafuta panapovuja: mhusika anayejua siri ambayo hakuna aliyemwambia, jeraha lililokuwa mkono wa kushoto na sasa liko kulia. Kwa hiyo shabiki anayesimamisha picha kila sekunde ili akague kilichobandikwa ukutani ni ndugu yangu kabisa, na simcheki. Lakini nadharia nyingi ninazosoma zinakosa jambo moja, na jambo lenyewe limo kwenye sarufi yetu wenyewe.

Sikiliza: "Nilifika, nikamkuta, nikamwambia, akanuna." Mahali gani pamesemwa kwamba alinuna kwa sababu ya kuambiwa? Hapajasemwa. Ni ile -ka- ndogo iliyoshona matendo manne yakawa kisa kimoja, chenye mwanzo na mwisho, na sababu imejiingiza yenyewe. Sasa picha ya televisheni haina -ka-. Inakupa mwanamke anatoka mlangoni, halafu inakupa mwanamke huyohuyo yuko porini. "Akaenda" ni lako wewe mtazamaji. Umelitia bila kuombwa, na mtunzi mjanja ametulia pembeni anakuangalia ukilitia.

Westworld ilianza kurushwa na HBO tarehe 2 Oktoba 2016. Watunzi wake, Jonathan Nolan na Lisa Joy, walianzia kwenye filamu ya Michael Crichton ya mwaka 1973: bustani kubwa ya starehe iliyojengwa kama Marekani ya magharibi ya zamani, imejaa roboti wasiotofautika na binadamu. Roboti wanaitwa wenyeji, wanaolipa kiingilio wanaitwa wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Humu mgeni akija mwenyeji anapigwa risasi, anaoshwa damu, anafutwa kumbukumbu, kisha kesho asubuhi anaamshwa amkaribishe tena.

Dolores, anayeigizwa na Evan Rachel Wood, ndiye mwenyeji mkongwe kuliko wote wanaofanya kazi pale. Kwa wiki kadhaa watazamaji wengi tulisimulia kisa chake hivi: anateswa na mgeni katili tunayemwita Mzee wa Nguo Nyeusi, akaanza kukumbuka, akakimbia shamba, akakutana na kijana mpole aitwaye William, wakapendana, wakaenda kutafuta fumbo la njia. Na usiku, Bernard wa maabara akawa anamshusha kwenye chumba cha vioo na kumhoji kwa siri.

Hizo -ka- karibu zote ni zetu. Aliyemhoji kwenye chumba cha vioo ni Arnold, mwanzilishi mwenza wa bustani mwenye sura ileile ya Bernard, kabla hata haijafunguliwa. Safari na William ni ya miaka thelathini nyuma. Mzee wa Nguo Nyeusi ndiye wa leo, na ndiye William huyohuyo, amezeeka. Tumetazama nyakati tatu na tukazishona zikawa wiki moja.

Je, tulidanganywa? Mimi nasema hapana, na hapa ndipo nagombana na wenzangu wengi. Uongo ungekuwa mhusika mmoja aseme "jana" akimaanisha miaka thelathini iliyopita. Hakuna aliyesema. Wenyeji wa bustani ile hawakumbuki kama sisi: kumbukumbu yao haifubai, kila kitu kinarudi na rangi zake na maumivu yake, kwa hiyo hawana namna ya kujua kama jambo linatokea au linakumbukwa. Dolores anaishi bila -ka-. Tamthilia ilitupa akili yake jinsi ilivyo, sisi tukaisahihisha bila yeye kutuomba.

Mashabiki waliligundua hili mapema, baada ya sehemu ya 2, na waliligundua kwa vitu. Nembo ya bustani siku William anafika si ile inayoonekana kwenye maabara za leo. Katika sehemu ya 5, mwenyeji aitwaye Lawrence anachinjwa ili damu yake imwokoe mwenyeji mwenzake Teddy, na katika sehemu hiyohiyo yuko mzima mji mwingine akiitwa El Lazo, anamkaribisha William. Ushahidi mzuri, na niliufurahia. Ila ushahidi wa namna hii unakwambia tu kwamba kuna kitu. Haukwambii ni nini, wala kwa nini tujali. Nembo tofauti ingeweza kuwa uzembe wa idara ya mapambo. Nimeyaona makubwa kuliko hayo kazini.

Kilichonishawishi mimi ni sentensi moja ya sehemu ya kwanza kabisa. Mzee wa Nguo Nyeusi, anayeigizwa na Ed Harris, amemkamata Dolores nje ya nyumba yao usiku. Dolores anatetemeka. Mzee anamwuliza kama ndivyo mtu anavyompokea rafiki wa zamani. Amekuwa akija hapa miaka thelathini, na yeye bado hamkumbuki.

Itazame tena taratibu. Mtu katili tu, aliyekuja kuua roboti ajifurahishe, anataka nini na kukumbukwa? Nani humlaumu mwanasesere kwa kumsahau? Maneno yale ni ya mtu aliyeachwa, lawama ya mpenzi iliyochachuka kwa miongo mitatu. Ukimpa mwigizaji mstari ule bila kumwambia habari za William, atakuuliza: huyu mama alinifanya nini? Nadharia ya William inajibu swali hilo kikamilifu. Alimpenda, akazunguka pori lote akimtafuta, aliporudi mjini akamkuta anaishi siku yake ileile na kumtazama kama mgeni yeyote mpya. Katika sehemu ya 8 Mzee anamsimulia Teddy jinsi mke wake alivyojiua, na jinsi binti yake alivyomwambia kwamba mama alikuwa akimwogopa. Weka hilo karibu na yule William kijana mpole, anayeigizwa na Jimmi Simpson, aliyeona aibu hata kuchagua kofia nyeusi. Hapo nadharia imeacha kuwa jibu la kitendawili na imekuwa maisha ya mtu.

Hicho ndicho kipimo changu. Nadharia ikithibitishwa kesho, mhusika ataongezeka au atapungua?

Nitatumia mfano wa Bernard, kwa sababu nadharia yake ilikuwa rahisi zaidi kubuni na bado ilipotimia ilinikata pumzi. Kwamba Bernard ni mwenyeji, watu walishuku toka mwanzo. Mpole mno, mwenye huzuni moja tu, mwanawe Charlie aliyekufa, na anairudia kama mtu anayesoma. Katika sehemu ya 7 anamshusha Theresa, mmoja wa wakuu wa bustani, kwenye nyumba ya siri ya Ford, mwanzilishi mwenza wa Arnold. Theresa anatazama ukuta na kuuliza, nyuma ya mlango huu kuna nini? Bernard anageuka. Anaangalia palepale anapoangalia Theresa. Anauliza: mlango upi?

Kamera haikimbii. Sisi tunauona mlango, Theresa anauona, na mtu aliyetuongoza kwa wiki saba hauoni. Dakika chache baadaye Theresa anampa karatasi yenye mchoro wa Bernard mwenyewe, naye anajibu maneno yale ambayo wenyeji hujibu wakioneshwa kitu wasichoruhusiwa kukiona: kwake hakifanani na chochote. Dolores aliyasema katika sehemu ya kwanza, baba yake alipomwonesha picha ya mwanamke katikati ya taa za mji mkubwa, iliyofukuliwa kwenye udongo wa shamba. (Picha hiyo, tutakuja kujua, ni ya mchumba wa William. Ilikuwa mikononi mwa baba yake Dolores tangu siku ya kwanza.)

Waliosema "nilijua!" usiku ule walikuwa sahihi, na walipitwa. Kujua kwamba Bernard ni roboti si kitu. Kitu ni kwamba Jeffrey Wright anaigiza mtu ambaye huzuni yake ndiyo mali pekee aliyonayo, kisha anaambiwa hata hiyo aliwekewa na Ford. Charlie ni mtoto wa Arnold. Bernard ametengenezwa kwa sura ya Arnold, na jina lake, Bernard Lowe, ni herufi za Arnold Weber zilizochanganywa. Wapenda mafumbo waliruka kwa furaha kwa ajili ya herufi. Mimi nilikaa na lile swali la mlango siku kadhaa.

Sasa nikiri kosa langu. Nilishikilia kwa muda mrefu kwamba Ford mwenyewe, anayeigizwa na Anthony Hopkins, ni mwenyeji. Nilikuwa na hoja: sehemu ya 6 inaonesha nyumba iliyofichwa ambamo familia ya utotoni ya Ford inaishi, roboti wote, pamoja na yeye mwenyewe akiwa mtoto. Nikajiambia, kama mtoto ni roboti, mzee naye je? Niliandika kurasa nne, na bado ninazo, kwa adabu. Kosa halikuwa kwenye ushahidi. Kosa ni kwamba sikujiuliza nadharia yangu inamfanya nini Ford. Alikataa kumsikiliza rafiki yake Arnold aliyesema wenyeji wanapata fahamu. Rafiki akafa kwa ajili hiyo. Yeye akafungua bustani na kuwatesa wenyeji kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwishowe anasimama jukwaani akijua risasi inakuja, na inatoka kwa Dolores. Mfanye roboti, na toba yote hiyo inakuwa maagizo ya programu. Nilikuwa nimempokonya mzee dhambi yake, na bila dhambi Ford habaki na kitu.

Kosa la -ka- si la Westworld peke yake. Sehemu ya mwisho ya Lost, tamthilia ya watu walioanguka na ndege kisiwani, ilirushwa na kituo cha ABC tarehe 23 Mei 2010. Kwa miaka sita watunzi, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walikuwa wakikana kwamba kisiwa ni toharani. Katika sehemu hiyo baba yake Jack, mhusika mkuu, anasema wazi kwamba yote yaliyowatokea yalikuwa ya kweli. Kisha kituo, si watunzi, kikaweka chini ya majina ya mwisho picha za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu yeyote. Mamilioni ya watazamaji wakamalizia: "wakafa wote." Wapo wanaobisha hadi leo. Mhusika amezungumza kwa kinywa chake, na bado -ka- moja ya mtazamaji imemshinda nguvu.

Nirudi Westworld, maana msimu wa 2 ndio unaonikera. Safari hii tulikuja tumejihami. Kila tukio tuliliuliza ni la lini kabla halijaisha. Watunzi walituona. Aprili 2018 Nolan na Joy waliwaahidi mashabiki kwenye mtandao wa Reddit video itakayofichua msimu mzima, na ilipotoka ikawa Evan Rachel Wood anaimba "Never Gonna Give You Up", wimbo uleule ambao intaneti imeutumia miaka mingi kutegea watu, halafu mbwa amekaa mbele ya piano dakika nyingi. Nilicheka. Nilicheka kidogo tu, kwa sababu utani ule ulionesha kwamba pande zote mbili sasa tunacheza mchezo wa kufichana.

Msimu wenyewe ulikuwa hivyo. Nyakati zilichanganywa tena, mara hii kupitia kumbukumbu za Bernard, ambazo amezivuruga makusudi ili zisisomwe. Kiufundi inakubalika. Lakini Dolores kukosa -ka- ni kidonda chake. Bernard kuzivuruga zake ni kufuli. Kidonda unakihisi kabla hujakielewa. Kufuli unasubiri ufunguo, na ukifunguliwa unaendelea na shughuli zako. Tamthilia ilifika msimu wa 4 na kusitishwa Novemba 2022, na ina mengi mazuri katika misimu ya baadaye, mwenyeji aitwaye Maeve hasa, ila sijawahi tena kuhisi nilichohisi katika sehemu ya 8 ya msimu wa kwanza, Dolores anapofika kwenye mji uliofukiwa na mchanga, mnara wa kanisa tu ndio umejitokeza. William anamwita. Anamgeukia amechanganyikiwa, na haulizi tuko wapi. Anauliza tuko lini.

Hakuna nadharia niliyoisoma mwaka ule iliyonukuu swali hilo kama ushahidi. Nembo zilinukuliwa, nguo zilinukuliwa, aina ya treni ilinukuliwa. Mwenye kisa alikuwa ameshatuuliza sisi jibu.

Siku hizi nikiitazama upya naweka daftari pembeni, na kila tukio naandika kitenzi kimoja tu, bila kukifunga kwenye kilichotangulia. Dolores yuko mjini. Dolores anafunga mzigo kwenye farasi. Kopo la maziwa linaanguka, linabingirika kwenye vumbi. Sehemu ya kwanza Teddy analiokota, sehemu ya 2 William analiokota, na kwenye ukurasa wangu kuna "akaliokota" nne, zote nimezikata.