Kompyuta ya dashibodi si kontroli boksi

Juzi hapa Moshi, kwenye gereji moja ya Majengo, dereva wa Noah alirudishwa nyumbani na fundi umeme bila kazi kuguswa. Alikuja na kikompyuta chake, Raspberry Pi, na kioo cha inchi 7, akitaka vifungwe palipokuwa na redio. Fundi akamwambia, "Kaka, gari tayari lina kompyuta. Ukiweka ya pili zitagombana." Kauli hiyo nimeshaisikia mara nyingi mno, leo nimeshindwa kuinyamazia.

Kompyuta ya dashibodi ni kompyuta ya kawaida tu, unaiunda mwenyewe kwa vipande na kuifunga mbele ya dereva, icheze muziki, ionyeshe ramani au kamera ya nyuma. Basi.

Anayoisema fundi ni kontroli boksi. Hiyo imekuja na gari toka kiwandani: inasikiliza sensa, kisha inaamua nozeli zimwage mafuta kiasi gani na plagi zichome saa ngapi. Kuiita kompyuta si kosa. Neno hilo lina asili ya Kilatini, computare, yaani kuhesabu, na kiboksi hicho kinahesabu muda wote injini inapounguruma. Kosa ni kudhani kila kompyuta iliyomo garini inahesabu mambo hayohayo.

Tena mahali penyewe panachanganya. Kwenye Toyota nyingi kontroli boksi imejificha nyuma ya droo ya upande wa abiria, ndani ya dashibodi ileile. Lakini rudi kwenye neno lenyewe. Dashibodi ilikuwepo kabla ya injini: ulikuwa ubao uliosimamishwa mbele ya gari la farasi, ili matope yanayorushwa na kwato yasimfikie aliyekaa. Kwa Kiswahili cha gereji, ilikuwa madigadi. Aliyewahi kupanda Kibosho kwa pikipiki wakati wa masika anajua thamani ya kitu hicho. Ubao ule ulitenga pande mbili, farasi kule, mtu huku. Kompyuta ya dashibodi ni ya upande wa mtu. Kontroli boksi, hata ikilala nyuma ya droo, inamtumikia farasi, yaani injini. Ing'oe ile ya kwanza, gari litawaka kama kawaida. Ing'oe ya pili, utapiga stata mpaka jioni.

Zinaweza kuongea, ni kweli. Kuna soketi ya kupimia gari chini ya usukani, na kikompyuta chako kikiunganishwa hapo kinaweza kuuliza joto la injini au mizunguko yake, kikajibiwa. Kuuliza si kugombana.

Zinachogawana ni betri, na hapo ndipo hofu ya fundi ingekuwa na maana. Pi inataka volti 5. Betri ni ya volti 12, na injini ikiwaka umeme unapanda hadi kama 14. Stata ikipigwa unashuka ghafla, kikompyuta kinaweza kuzima katikati ya kazi, na memori kadi yake ikaharibika. Ukikifunga kwenye waya usiokatika hata ufunguo ukitolewa, nacho hakizimwi, gari likikaa siku kadhaa betri itakwisha.

Kwa hiyo, fundi wangu, yule dereva akirudi usimwambie zitagombana. Muulize kama amekuja na kifaa cha kushusha umeme, halafu mkubaliane: umeme uupitishe kwenye swichi ya ufunguo, au moja kwa moja kutoka betri?