Capoeira: pingu hazikufundisha mateke

Ukiuliza capoeira, mchezo wa Brazili wa mapigano na muziki, ilitoka wapi, hukosi kuhadithiwa hivi: watumwa wa Brazili walikuwa na pingu mikononi, ndiyo maana wakajifunza kupigana kwa miguu, na bwana alipotokea wakajifanya wanacheza ngoma. Hadithi tamu, na hata walimu wengi wa capoeira huipenda. Lakini kumbukumbu za enzi hizo haziiungi mkono, na yaliyomo kwenye kumbukumbu hizo yana utamu wake.

"Mateke yametokana na pingu"

Nani akate miwa akiwa amefungwa mikono, au apakue shehena bandarini Salvador? Minyororo ilikuwa ya safari na ya adhabu. Kazini mikono ilihitajika. Kisha mwangalie mchezaji mwenyewe. Akipiga aú, yaani kujipindua mithili ya gurudumu, uzito wote uko viganjani. Kichwa nacho ni silaha ya siku nyingi: cabeçada hupigwa kifuani, na ikikupata hutauliza tena habari za pingu. Wanaotafuta asili ya mateke huenda kusini mwa Angola, kwenye mchezo wa engolo, ambamo wawili huingia katikati ya duara la watu wanaoimba na kupiga makofi, wakarushiana mateke, mara nyingine viganja vikiwa chini. Kama engolo ni mama wa capoeira au ni shangazi tu, wanahistoria bado wanabishana.

"Ilifichwa ndani ya ngoma ili mabwana wasijue"

Walijua sana. Mwaka 1789 mtumwa mmoja wa Rio de Janeiro, Adão, aliingia kwenye kumbukumbu za mahakama kwa kosa la capoeira. Baada ya familia ya kifalme ya Ureno kuhamia Rio mwaka 1808, daftari za polisi zilijaa majina ya waliokamatwa na kuchapwa viboko kwa kosa hilo hilo. Ngoma yenyewe pia ilikuwa ikipigwa marufuku kila mara, kwa hiyo kujificha ndani yake kungekuwa sawa na kukimbia mvua ukaingia mtoni.

Tena capoeira ya karne ya 19 haikuwa ya watumwa peke yao. Rio iligawanywa na makundi mawili makubwa, Nagoas na Guaiamuns, yenye watumwa, walioachwa huru, na hata wahamiaji wa Kireno. Wanasiasa waliwatumia siku za uchaguzi. Utumwa ulifutwa tarehe 13 Mei 1888. Sheria ya jinai ya nchi nzima iliyoitaja capoeira kuwa kosa ikaja mwaka 1890, wakati hakuna tena mtumwa kisheria. Kifungu cha 402 kilitoa kifungo cha miezi 2 hadi 6, na kwa viongozi mara mbili yake. Katika msako wa polisi wa siku hizo, wengi walisafirishwa hadi kisiwa cha Fernando de Noronha. Mmoja wa waliokamatwa katika msako huo, Juca Reis, alikuwa mtoto wa kabaila, na kukamatwa kwake kulitikisa baraza la mawaziri.

"Bila berimbau hakuna capoeira, tangu mwanzo"

Leo ni kweli. Zamani sivyo. Mchoro maarufu wa Rugendas, mchoraji wa Kijerumani, uliochapishwa mwaka 1835, unaonyesha wachezaji wawili na ngoma, berimbau haipo. Upinde huo wa muziki, wenye ndugu zake Angola kama hungu, ulikuwa wa wachuuzi na ombaomba wa mitaani kabla ya kuingia kwenye duara.

Ulipoingia, ulitwaa utawala. Fimbo ya mti wa biriba hupindwa kwa waya, siku hizi uliochunwa ndani ya tairi la gari. Kibuyu hufungwa chini, mpigaji akashika kijiti, sarafu au jiwe, pamoja na caxixi, kikapu kidogo cha mbegu kinacholia kama manyanga. Berimbau huwa tatu: gunga, médio na viola. Gunga ndiyo mkubwa wao. Ikianza kasi, mchezo unakwenda kasi. Ikiita, wachezaji hurudi kuchuchumaa mbele yake. Mdundo wa cavalaria huiga kwato za farasi, nao unasimuliwa kuwa ulikuwa wa kuonya kwamba polisi wanakuja.

Na nyimbo si za kupamba. Kwanza fundi huimba ladainha, wimbo wa kufungulia, peke yake, na hakuna anayecheza. Kisha sifa, duara likiitikia. Mchezo huanza baadaye, na hapo mwimbaji anaweza kumrushia mchezaji anayejiona fumbo la kumshusha. Aliyezoea taarabu hahitaji kufafanuliwa.

"Amueni basi: ni dansi au ni vita?"

Swali hili huwasumbua zaidi wenye lugha zinazotenganisha mambo hayo. Wabrazili husema jogar capoeira, yaani kuicheza, nasi tunacheza: ngoma, mpira, karata, hata na mwenzako. Aliyeona kirumbizi Lamu, fimbo zikigongana huku zumari likilia, hajawahi kuuliza kama ile ni dansi au vita. Ila asidhani ni salama kwa sababu kuna muziki. Rasteira, yaani ngwala, ikikukuta umesimama vibaya, unakaa chini.

Mengine kwa haraka. Jina capoeira si lazima liwe la Kiafrika: kwa Kireno ni tundu la kuku, na wengine hulitoa kwenye Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazili, kwa maana ya msitu uliofyekwa. Si dini, ingawa nyimbo zake hutaja watakatifu na miungu ya candomblé, dini ya Brazili yenye asili ya Afrika. Mikanda ya rangi ni ya juzi. Mestre (yaani fundi) Bimba aliwapa wahitimu wake vitambaa vya shingoni, na makundi mengi ya mtindo uitwao Capoeira Angola hayana mkanda kabisa.

"Angola ndiyo ya kale, Regional ndiyo ya kisasa"

Bimba alifungua chuo chake Salvador mwaka 1932, akaiongezea capoeira mbinu na mazoezi ya kupangwa; huo ndio mtindo wa Regional. Mestre Pastinha alianzisha kituo cha Capoeira Angola mwaka 1941 ili kulinda mila, lakini naye aliweka sare, nyeusi na njano, rangi za timu yake ya mpira, Ypiranga. Kulinda nako ni kutengeneza. Mitindo yote miwili tunayoijua ni ya karne ya 20.

"Heshima ya taifa iliwanufaisha mafundi"

Mwaka 1953 Rais Vargas alimpokea Bimba na kuisifu capoeira kuwa mchezo wa taifa. Miaka ishirini baadaye Bimba alihama Bahia, jimbo lenye Salvador, akilalamika kutosaidiwa, akafia Goiânia mwaka 1974. Pastinha alikwenda Dakar mwaka 1966 na ujumbe wa Brazili kwenye tamasha la sanaa za watu weusi. Kisha jengo lake la Pelourinho, mtaa wa kale wa Salvador, likachukuliwa kwa ukarabati, asirudishiwe. Alifariki mwaka 1981, kipofu na maskini. UNESCO iliorodhesha duara la capoeira kwenye urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2014. Jengo lile lilikuwa limeshageuzwa mgahawa.